Dalia za Luofu kwenye joto la Bungulu

Mama Emérence alipohamia Bungulu kutoka Luofu alikuja na mfuko wa mizizi ya maua ya dalia, na ole wake aliyeidhania kuwa viazi vya kupika. Kwao kwenye baridi, dalia hujaa mpaka nyuma ya choo. Hapa Beni joto liliyafanya mashina yarefuke na kutoa majani tu, na kila ua lililochanua alituita majirani tulione. Tulienda. Nani angethubutu kukataa?

Mwaka huu parokia ilimpa heshima aliyoitamani sana: maua ya Fête-Dieu, sikukuu ya Mwili wa Kristo, yale ambayo watoto huyatupa njiani mbele ya Sakramenti Takatifu. Alimwagilia, akatia kivuli cha majani ya migomba, hata mbuzi wa mtaani walimkoma. Maua yakapatikana, si mengi, ila ya kutosha. Jumamosi jioni akayachuma yote, akayachambua, akayafunika kikapuni kwa kitambaa chenye maji, kama mama yake alivyomfundisha. Luofu, baridi ya usiku huyatunza. Bungulu, asubuhi kikapu kilikuwa uji mweusi unaonuka.

Nilimkuta amekaa chini jikoni analia, na kengele ya misa imeshalia. Jirani yake Jokébed, Mprotestanti ambaye bugenvilia yake imefunika lupango lote, kiwanja na uzio wake, akaingia bila kubisha hodi. Bugenvilia hiyo Emérence huiita miiba.

“Ulikata jana? Mama, huku hapana Luofu! Huku maua banakataka asubui.”

“Sakramenti itapita mu vumbi, Jokébed. Na ni miye njo balitumainia.”

“Basi kuya na kikapo. Kata bugenvilia yangu yote.”

“Mais ninyi hamupigake magoti mbele ya Sakramenti...”

“Magoti ni yetu, maua ni ya Mungu. Kata, saa inaenda!”

Tulikata sote watatu, mikono ikachanika, na vikapu viwili vikajaa wekundu na zambarau. Misa ilipokwisha jua lilikuwa kali, padri anatiririka jasho, lakini maua yale yalilala njiani yakiwa mabichi kama yalivyochumwa. Mama Emérence alihema kama aliyetuliwa gunia la makaa mgongoni.

Maandamano yalipofika kwa Jokébed, yeye alikuwa amesimama mlangoni na Biblia kwapani, tayari kwenda kwenye ibada yao. Emérence akatoka kwenye mstari, akamkumbatia, akicheka na kulia kwa pamoja. Padri, na Sakramenti mikononi, akasimama akawangoja wamalize.