Saa Moja ya Kiangazi

Soizik Kerdoncuff ni nesi wa kuzungukia majumbani katika mji wetu wa bandari, huku Bretania, Ufaransa, na wazee wanamlalamikia kwa jambo moja tu: anachelewa. Anachelewa kwa sababu kila dozi anaisoma mara nne. Ataisoma kwenye karatasi ya daktari, ataisoma kwenye chupa, atarudi kwenye karatasi, kisha atamwomba mgonjwa mwenyewe aisome, hata kama mgonjwa haoni vizuri. Wanamcheka. Mimi simcheki, maana nilikuwapo tabia hiyo ilipoanza, naye akiwa na miaka tisa.

Mimi hushona matanga. Kibanda changu kiko gatini, kimeegemea nyumba ya mama yake, Marivon, rafiki yangu tangu tulipokuwa na meno ya utoto. Mume wa Marivon, Fanch, alikuwa akivua kaa. Kila asubuhi, akivaa buti, alimwuliza binti yake maji yanatulia saa ngapi kwenye mkondo wa Garreg, usiopitika salama maji yakikimbia. Mtoto alifungua kijitabu cha maji kujaa na kupwa, akasoma kwa sauti, na baba akaondoka. Ulikuwa mchezo wao wawili. Fanch alijisifu gatini kwamba wenzake wana miwani, yeye ana Soizik.

Kijitabu chenyewe kina ujanja wake. Kinachapishwa kwa saa ya majira ya baridi mwaka mzima. Wakubwa wa Paris walipoamua kwamba kiangazi sote tusogeze saa mbele, mwezi haukuandikiwa barua, na bahari haikuambiwa kitu. Kwa hiyo kuanzia mwisho wa Machi mpaka Oktoba ni lazima uongeze saa moja kichwani. Hakuna mtu hapa ambaye hajawahi kusahau. Wengi hukwama kwenye matope, wakachekwa mpaka jioni, mambo yakaisha.

Fanch hakukwama kwenye matope. Ilikuwa asubuhi ya Juni, mwaka wa tisini na nne. Alifika Garreg saa nzima kabla ya maji kutulia, mkondo ukikimbia kuelekea magharibi na upepo ukitoka huko huko magharibi. Vikikutana hivyo, mawimbi husimama wima. Watu wa mnara wa taa waliiona mashua ikipinduka. Yeye hakuonekana tena. Jina lake liko kwenye ukuta wa makaburi, pamoja na majina ya wote wasio na kaburi, na kila Novemba tunayapaka rangi upya. Majina ya ukuta ule hayasemwi vibaya. Aliyekuwa mlevi anakuwa mcheshi, aliyekuwa mkali anakuwa mchapakazi.

Soizik hakumwambia mtu yeyote kilichomkaa moyoni, na mimi nimekijua mwaka huu tu. Hakumbuki kama asubuhi ile aliongeza ile saa. Amejaribu kukumbuka kwa miaka ishirini na tisa. Anakumbuka kijitabu, anakumbuka siagi kwenye kidole chake, anakumbuka buti. Saa yenyewe haiji. Anachokisikia ni swali. Akishika sindano kwa mgonjwa, baba yake yuko nyuma yake na koti lake la mvua, anamwuliza saa ngapi, na maji yanadondoka sakafuni. Aliniambia huwa anaangalia sakafu kama imelowa.

Mumewe, Briek, ni seremala wa bara, mtu mwema na mwingi wa maneno. Alinunua mashua kuukuu ya tanga na kupanga safari ya wiki mbili mwezi wa Julai, kufuata pwani, pamoja na watoto wao Lena wa miaka sita na Malo wa miaka mitatu. Nilitaka kuikosoa mipango yake nikashindwa. Aliweka wavu kuzunguka mashua nzima ili mtoto asitumbukie, jaketi za kuokolea zenye filimbi, si zaidi ya saa nne majini kwa siku, na kila mchana ufuko wa kuchezea. Kila kitu kiliandikwa isipokuwa saa ya kupita Garreg, na hakuna njia nyingine ya kutoka hapa kwenda kusini. Hiyo alimwachia mkewe.

Jumapili moja ya Juni nilimpelekea tanga lililoshonwa, nikawakuta kwa Marivon wamemaliza kula. Walikuwa wamesogeza keki ya siagi pembeni na kutandaza ramani.

"Limebaki hili tu," Briek alisema. "Tarehe kumi na mbili, Garreg. Nipe saa, mke wangu."

"Nitaandika baadaye."

"Ulisema hivyo Pasaka. Wewe ndiye mtoto wa bahari, mimi mtoto wa viazi."

"Viazi gani?" Marivon akadakia. "Ulipanda kwangu hapo nje vikaoza vyote. Usijidai ukoo navyo."

Tulicheka. Soizik hakucheka. Alikuwa amekishika kijitabu kikiwa kimefungwa.

"Uza mashua," alisema.

"Nini?"

"Uza, Briek. Au nenda peke yako. Watoto wangu hawapiti pale."

Lena, aliyekuwa hasikilizi wakubwa, alipanda kwenye kiti na kumchomoa mama yake kijitabu mkononi.

"Nikusomee, mama? Mi najua namba." Akafungua ukurasa wa Julai, akafuata mstari wa kumi na mbili kwa kidole. "Nne... kumi na nane. Saa nne na dakika kumi na nane!"

Soizik alisimama ghafla, uso umempauka, akageuka kutazama mlangoni, kisha sakafuni. Hapakuwa na mtu. Nami, Mungu anisamehe, nikatazama huko huko, bila kujua bado anatafuta nini.

Alikaa tena polepole. Akamwuliza mtoto, kwa sauti niliyoiogopa, "Lena, nikiifuata saa hiyo, na mashua ikazama, kosa la nani?"

"Soizik!" Briek akasema.

"Mwache ajibu."

Lena alikuwa anatafuna keki. "La kwako."

"Langu vipi? Umesoma wewe."

"Mi nina miaka sita!" Lena alikasirika. "We ndo mkubwa. Si uangalie mwenyewe?"

Hapo ndipo Soizik alipotuambia. Alisema yote, kijitabu, siagi, buti, swali linalomfuata kwa wagonjwa, huku machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Kisha sauti ikapanda, mpaka Malo akaanza kulia chumbani.

"Alikuwa mkubwa! Kwa nini hakuangalia mwenyewe, mama? Mtoto wa miaka tisa! Kwa nini aliniachia mimi?"

Sijawahi kusikia mtu wa mji huu akimgombeza mtu wa ukuta ule. Nilitaka kumziba mdomo, na nilitaka aendelee.

Soizik akachukua kijitabu, akaangalia mwenyewe, akaongeza ile saa moja, akaandika pembeni mwa ramani: saa tano na dakika kumi na nane. Akamsukumia mumewe kalamu na kijitabu. "Hesabu na wewe. Usiniamini mimi. Ukipata tofauti, hatuendi." Briek akavuta kiti, akaanza kuhesabu kwa vidole.

Kila Novemba tangu mwaka ule Marivon ndiye anayelipaka rangi jina la mumewe, na sisi tulikuwa tukimsifu kwa mapenzi yake. Aliinuka, akaenda kumshika binti yake kichwa kwa mikono miwili.

"Nilidhani unamlilia tu," alisema. "Mwanangu, miaka ishirini na tisa namkasirikia peke yangu."