Taka za Pasaka Kando ya Ziwa

Anyosisye wa Masukulu hakuwa mtu wa kubembelezwa afanye kazi. Kila ilipopita Pasaka, vijana wa mjini wakishacheza muziki wao kando ya ziwa, yeye na akina mama wenzake wa kanisani waliteremka na matenga kuzoa uchafu. Bure, bila hata soda. Zamani walizoa maganda ya ndizi tu. Tangu biashara ziruhusiwe kila kona, ikawa mifuko ya plastiki, rambo, rambo, rambo, mpaka inatia kichefuchefu.

Mwaka tisini na sita mvua haikukata, na moto wa kuchomea taka ukakataa kuwaka. Anyosisye ndiye aliyeshauri lile lundo lifunikwe kwa majani na vipande vya mgomba, kama taka za nyumbani, upepo usije ukairudisha mifuko majini. Wakafunika, wakaenda zao wameridhika.

Jamani, mgomba! Ng'ombe wa kwetu Rungwe analishwa nini kila siku kama si huo? Wote walifuga, na hakuna aliyekumbuka.

Yeye ng'ombe wake alikuwa mmoja, aliyeteremka kunywa maji ziwani kila asubuhi. Maziwa yake ndiyo yaliyomweka hai Tulia, mjukuu wa miezi minne ambaye mama yake alifariki akimzaa. Wiki ya tatu baada ya Pasaka ng'ombe akaacha kula, tumbo likavimba, kiwele kikanywea. Bwana mifugo alishapunguzwa kazini, na mwingine hakuletwa. Ambilikile, jirani anayejuajua mifugo, akamnywesha mafuta ya kula. Anyosisye akapiga magoti kwenye tope la zizi, akamlilia Mungu bila kujali nani anamwona. Siku ya nne ng'ombe akafa.

Ambilikile alipompasua, akatoa donge la mifuko kubwa kama kichwa cha mtu, limesokotana na nyuzi za mgomba.

"Mama, huyu amekula wapi mambo haya?"

"Nilimwandalia mwenyewe," Anyosisye akasema, akakaa chini palepale.

Wenzake walikuja kumpa pole. Wakamwambia asijilaumu, alikuwa akifanya kazi ya Mungu. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Walipoondoka, Tulia akaanza kulia. Anyosisye akakoroga uji mwepesi wa ndizi, akaupoza, akamwekea kijiko mdomoni. Mtoto akautema, akageuza uso na kuanza kulitafuta titi la bibi yake. Akampa hivyo hivyo, kavu, ili anyamaze.