Hesabu ya Vikombe

Juzi kitukuu wangu alisimama ukumbini akitunyooshea kidole mmoja mmoja, eti mwalimu kamwagiza ahesabu watu wa nyumbani. Nusura nikidake kile kidole.

Kwetu Mtoni, enzi ya Mwingereza, watu walikuwa hawahesabiwi. Bibi alisema ukiwahesabu watoto, kijicho kinapata pa kuanzia. Sasa alasiri moja darasani, harufu ya mbata za nazi zilizoanikwa nje ikiingia dirishani, mwalimu wetu mpya, mtu wa bara, alinisimamisha.

"Nyumbani mko wangapi?"

"Tupo, mwalimu, alhamdulillahi."

Akauliza tena, nikamjibu vilevile. Wenzangu wakawa wanangojea bakora. Yeye akatazama nje kidogo, kisha akasema, "Haya, leo asubuhi mlinywea chai vikombe vingapi?"

"Tisa."

"Kimoja kikivunjika?"

Nikawahi kujibu, "Nitanywea kata ya mtungini, mwalimu. Tutabaki wote."

Alicheka mpaka akaegemea ubao, halafu akanichorea alama kubwa ya vema kwenye kibao changu. Nilirudi nyumbani nikiringa kwamba nimemzunguka mtu wa bara, maana hakujua vikombe ndio sisi. Nimekuja kuelewa ukubwani nani alimzunguka nani.

Basi na huyu kitukuu nikamtuma mlangoni akahesabu kandambili, kila mtu jozi yake. Alikawia huko, akarudi amekunja uso.

"Bibi," akasema, "tuko sita na nusu."