Mwenyekiti, mwaga uchague

Leo katikati ya intavyuu ya MBA kwa video nimemwambia profesa angoje kidogo. 🙆🏾‍♀️

Mimi ni karani wa mizani kwa kiwanda cha kahawa huku Meru, na netiweki inashika hapo tu kwa mizani. Kwa hivyo nikaweka simu juu ya gunia, tukaanza.

Profesa akasoma fomu yangu: "Karani tu? Umewahi kuongoza watu kweli?"

Kabla nijibu, mwenyekiti wa kiwanda akaruka laini ya wakulima, akaweka gunia lake kwa mizani. Kahawa nusu ni za kijani, hazijaiva! Na kila mkulima anajua: unamwaga chini, unachagua nyekundu, ndio upimiwe.

"Pima haraka, karani."

Laini yote ikanigeukia.

"Profesa, ngoja kidogo. Mwenyekiti, mwaga uchague kama wengine."

Akanikazia macho. Nikamkazia.

Akachuchumaa.

Nikarudi kwa simu. "Ulikuwa unauliza kama nimewahi kuongoza?"

Profesa alikuwa ameona yote.

Wakininyima nafasi, nitaomba tena na tena. Nyinyi mnaonaje, wanichukue ama?

Mwenyekiti msimuulize. Bado anachagua.