Rangi Itakuambia

Fundi wa kompyuta wa chama cha ushirika haanzi kazi mpaka avialishe vidole, ka! ka! ka!, na kila mara Mama Hedwiga, karani wa mizani pale Matiri, hufumba jicho moja. Kisha fundi hupuliza kibodi kama anayepoza uji, akaibembeleza mashine kwa sauti ya chini: "Haya mama, twende." Kwa watu hana maneno mengi. Siku alipopanga makosa ya kutuma uzito yawe yanatoka kwa rangi yake kwenye skrini nyeusi ya kompyuta ya mizani, alisema tu, "Mama, usihangaike na hicho Kiingereza. Rangi itakuambia." Akawasha pikipiki.

Aliporudi, skrini ilikuwa nyekundu juu mpaka chini, na uzito wa kahawa ya watu haukuwa umefika makao makuu hata kilo moja. Fundi akashika kichwa. "Mama, hukuona nyekundu?"

"Nimeiona, baba, nikamshukuru Mungu. Yote imeiva! Ningeona kijani ningekupigia."

Fundi akatazama nje, ambako wakulima walikuwa wakichambua kahawa kwenye turubai, nyekundu huku, kijani kule. Akavialisha vidole, akageuza makosa yawe ya kijani.

Jumatatu Mama Hedwiga akampigia. "Mwanangu, njoo haraka. Humu kuna mbichi."

Kwenye simu vikasikika vidole, ka! ka! ka! Kisha ikaja ile sauti anayobembelezea mashine: "Usizichanganye na mbivu, mama. Nakuja."