Kibuyu Kilichonuka Sabuni

Siku ile naikumbuka kwa pua, mwanangu, kabla sijaikumbuka kwa kichwa. Nikipita tu dukani nikasikia harufu ya sabuni ya unga, nakuwa tena yule binti wa Kiiraqw, mke mchanga hapa Karatu, na ukungu umeshuka hata geti halionekani. Jana uliponionyesha kwenye simu sahani unazotaka kununua, zile nyeusi zenye ukingo wa dhahabu, nilinyamaza ukadhani sijazipenda. Nimezipenda sana! Lakini ukaongeza kwamba yale mabakuli ya bati ya mama mkwe wako utayapeleka stoo, na hapo nikawa nimeshaondoka, nimerudi kwenye meza yangu ya zamani.

Nilikuwa mhudumu kwenye hoteli ya watalii kule juu, ukingoni mwa kreta. Kazi yangu kutandika meza. Weee, nilivyoipenda! Asubuhi wageni wamelala, nafungua mapazia, kreta nzima imejaa mawingu, nami natandaza kitambaa cheupe polepole mpaka kilale bila mkunjo. Mara nyingine nilisimama tu pale nikiota, sijui hata niko wapi. Nikajiapia kwamba nikipata kwangu, nitakuwa na meza ya namna ile.

Basi nikaolewa na baba yako. Bibi yako wa kule Enguserosambu, aliyemzaa baba yako, ambaye sote tulimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, hakuja harusini. Alikuwa amesema, "Huyo binti wa mahindi atajua nini kuhusu maziwa?" Lakini alituma kibuyu chake cha maziwa, kirefu, kimevishwa shanga, kinanuka moshi. Mimi nikakitundika ukutani. Miaka mitatu ikapita hajakanyaga kwangu, na baba yako kila sikukuu anatazama barabara. Iliniuma, nisikufiche.

Siku moja akatuma salamu kwamba anakuja. Nilichanganyikiwa kwa furaha. Nikanunua kitambaa cheupe, sahani nyeupe, glasi, na vitambaa vya kufutia mikono nikavikunja umbo la ndege kama hotelini. Katikati ya meza pakabaki patupu. Nikakiona kibuyu. Kizuri, ila ule moshi! Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikakisugua ndani kwa brashi mpaka mkono ukauma. Nikakianika juani siku mbili, kisha nikakitia maji na maua meupe ya bustanini. Usinicheke. Nilijiona fundi kweli kweli.

Yeyo akaingia, akaketi, akatazama ile meza. Kisha akakivuta kibuyu. Akatoa maua, moja moja, akayalaza juu ya kitambaa, maji yakichuruzika. Akainamisha uso, akanusa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mwaka wa ukame," akasema, akimtazama baba yako, "ng'ombe walikwisha. Huyu alikuwa mdogo, analia njaa. Sina maziwa. Nilimpa kibuyu hiki akinuse tu, akalala."

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Nikapiga magoti pale pale. "Yeyo, nisamehe. Sikujua."

"Hukuuliza," akasema.

Akanyanyuka, akachukua fimbo yake na kibuyu, akatoka. Baba yako akafunika uso kwa viganja. Nikajua basi, ameondoka, na harudi tena. Chakula kikawa kinapoa juu ya kitambaa chenye maji, nami nalia kama mtoto.

Halafu nikasikia sauti yake uani: "Wewe! Moto wako uko wapi?"

Nilikimbia nusura nianguke. Akamtuma baba yako sokoni, kwa kina mama wanaouza maziwa, akaleta vijiti vya oloirien, ule mzeituni wa porini. Tukakaa chini jikoni, mimi na yeye. Akanionyesha jinsi ya kukiingiza kijiti kinachowaka ndani ya kibuyu, kukisugua, kukung'uta majivu, kufunika moshi usitoke. Nikakohoa, macho yakawa mekundu. Akachukua mojawapo ya wale ndege wangu, akamkunjua, akanipangusa machozi na masizi. "Kumbe kina kazi," akasema, akacheka. Kitambaa kile ninacho hadi leo, na doa lake halijatoka.

Alikuja kwa siku moja, akakaa tisa. Kila asubuhi tunafukiza, tunatia maziwa, ananusa, sabuni bado ipo, anatikisa kichwa, tunamwaga. Siku ya tisa akanusa, akanywa, akanipa mimi. Baba yako akapokea wa mwisho. Alifumba macho muda mrefu, tukamwacha hivyo hivyo.

Kwa hiyo zinunue sahani zako, mama. Chagua kitambaa kinachovumilia kufuliwa, maana udongo wetu huu mwekundu hauna mzaha. Chagua vikombe ambavyo mkono wa mzee unaweza kuvishika. Lakini kabla hujatoa kitu mezani kwa sababu hakipendezi, muulize mwenyewe kilikuwa cha nini. Usifanye kama mimi niliyesugua kwanza. Mpigie mama mkwe wako leo, usingoje kesho, umuulize mabakuli yale ya bati yalimlisha nani. Akianza kusimulia, usimkatishe.

Kibuyu nimekifukiza asubuhi hii, kiko tayari kwa ajili yako. Kinuse kwanza ndipo ukiweke.

Mungu aibariki meza yako, mwanangu. Isikose chakula, isikose watu, na siku chakula kitakapokosekana, mtoto wako asikose cha kumfanya alale.