Ng'ombe Asiyeona Kinachokwenda

Siku hizi nikiona mtu kajitwika mzigo wa majani, shingo yangu inauma yenyewe. Miaka ile ya Ujamaa, kule kwetu juu ya Gare, kazi yangu ilikuwa hiyo: kukata majani bondeni na kuyapandisha mlimani kwa ajili ya ng'ombe mmoja tu wa bibi. Dada yangu alikuwa amefariki kwa uzazi, na kitoto chake kiliishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo.

Ng'ombe mwenyewe aliteleza gengeni akagonga kichwa kwenye mwamba. Jeraha lilipona, ila kuona kwake kukawa kwa ajabu. Kisiki alikikwepa. Ndoo ikiwa chini aliifuata. Lakini chochote kinachokwenda, kwake hakikuwepo: kuku apite, mbwa akimbie, wala hapepesi kope. Bwana mifugo alituambia macho ni mazima, kilichoumia ni ubongo, pale panapotambua mwendo. Ukimwendea moja kwa moja, alishtuka umeshamfikia, akarusha teke. Basi tukawa tunamwendea kwa vituo: hatua, simama, akuone, hatua tena. Kila siku hivyo. Nilichoka jamani, acha tu.

Majirani nao wakapata la kucheka: bibi anafuga kipofu. Hilo lilimchoma bibi kuliko kazi yote.

Kisha mwenyekiti wa kijiji akaja kukusanya ng'ombe wa banda la pamoja. Akamwamkia bibi, akapunga mkono mbele ya macho ya ng'ombe. Hola.

"Huyu haoni, bibi," akasema. "Ataumizwa na wenzake kule. Abaki tu hapa kwako."

Alhamdulillahi, nilishusha pumzi! Lakini bibi alikwisha kuwaka.

"Haoni? Nani kakwambia?" Akaburuta kinu hadi katikati ya njia, akamfungulia ng'ombe. Ng'ombe akakizunguka vizuri kabisa. Bibi akaweka na kigoda, nacho ng'ombe akakizunguka. Nilimvuta bibi kanga, nikamkonyeza, akanipiga kibao cha mkono. "Kipofu gani huyo? Haya, sema sasa!"

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuna kichwa.

"Basi nisamehe, bibi. Kama anaona, itabidi aende na wenzake."

Akamfunga kamba, wakateremka. Bibi alibaki uani, kifua mbele, akiwatazama majirani mmoja mmoja, mpaka mtoto alipoamka ndani akaanza kulia njaa.